Tai imeshuka shingoni, tabaka limebaki

Tarehe 26 Februari 2025 Elon Musk alisimama mbele ya baraza la mawaziri la Marekani akiwa na chepeo kichwani na fulana yenye maandishi kifuani. Wanaume waliokaa kuizunguka ile meza walikuwa ndani ya suti na tai. Siku mbili baadaye, katika Ikulu ileile ya White House, mwandishi wa habari alimuuliza Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine kwa nini hakuvaa suti, na kama hata anayo moja. Ukazuka ubishi mkubwa kuhusu heshima. Wengine walisema mgeni amemdharau mwenyeji, wengine wakajibu kwamba mtu aliye vitani hadaiwi suti. Lililonikera mimi lilikuwa jingine kabisa. Shingo mbili zilikuwa wazi, katika nyumba moja, ndani ya wiki moja. Mmoja alihojiwa, mwingine akaachwa aendelee na hotuba yake.

Kwa karibu miaka 20 sasa habari za tai zimekuwa zikiandikwa kama tanzia. Mwaka 2008 chama cha watengenezaji wa tai wa Marekani kilijivunja chenyewe. Mwaka 2017 Spika John Bercow aliwaambia wabunge wa Uingereza kwamba tai si lazima, na mwaka 2019 benki ya Goldman Sachs ikalegeza masharti yake ya mavazi. Mwaka 2022 wakokotoaji wa mfumuko wa bei wa Uingereza waliiondoa suti ya kiume kwenye kapu la bidhaa wanazozifuatilia. Tafsiri inayotolewa karibu kila mara ni kwamba ngazi zimebomoka na bosi na karani sasa wako sawa. Nadhani tafsiri hiyo imekosea, kwa sababu inaianza hadithi katikati. Inaitazama tai na kumsahau mzazi wake, kravati. Ukiifuata kravati tangu mwanzo unakuta jambo moja likijirudia: kila mara kitambaa cha shingo kilipofanywa chepesi, cha kawaida au cha hiari, tofauti ya tabaka ilibaki palepale, ila ikahamia mahali ambapo mtu asiyelelewa ndani yake hawezi kuisoma.

Kravati ni kitambaa kirefu cha kitani, melimeli, lesi au hariri, kinachozungushwa shingoni na kufungwa kwa mbele. Tai tunayoijua, ule ukanda mwembamba unaoning'inia hadi kiunoni, ni mtoto wake wa karne ya 19. Binadamu amefunga shingo tangu zamani sana. Askari wa udongo waliozikwa na mfalme Qin Shi Huang wa China wana vitambaa shingoni, na wale wa Roma waliochongwa kwenye Nguzo ya Trajan wanavyo pia. Lakini ukoo unaotuhusu unaanzia Ufaransa, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Mamluki kutoka Croatia waliopigana upande wa Ufaransa walifunga leso shingoni, watu wa Paris wakazipenda, na jina la kravati likatokana na jina la taifa la askari hao. Wakati huo muungwana wa Ulaya alivaa kola pana ya lesi iliyotandazwa mabegani, kitu kisichofaa hata kidogo juu ya farasi. Leso ya mamluki ilikuwa nafuu yake: haina makuu, inafungwa upesi, inafuliwa upesi. Kwa maneno mengine, kravati iliingia mjini ikiwa vazi la kulegeza masharti.

Nafuu hiyo haikudumu. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliipenda, na alichokipenda Louis XIV kilipendwa na kila aliyetaka cheo. Mfalme Charles II aliporudi Uingereza kutoka uhamishoni mwaka 1660, kravati ilivuka bahari pamoja naye. Kabla ya karne kwisha leso ya askari ilikuwa imeshageuka lesi ya Venice, kazi ya sindano inayokula miezi ya macho ya mwanamke asiyejulikana jina. Kisha mwaka 1692, kwenye vita vya Steenkerque, inasimuliwa kwamba maofisa wa Ufaransa walishtukizwa na adui wakiwa hawajamaliza kuvaa, wakazisokota ncha za kravati na kuzichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti. Wafaransa walishinda. Muda si muda waungwana, wanawake kwa wanaume, walikuwa mbele ya vioo wakizisokota kravati zao kwa utulivu na uangalifu mkubwa ili zionekane zimefungwa kwa haraka. Huo ulegevu wa kujitungia, ambao leo tunauona kwa tajiri aliyevaa fulana ya kijivu, una zaidi ya miaka 300.

(Kuna kravati moja nisiyoweza kuipita bila kuitaja. Mchonga mbao Grinling Gibbons alichonga kravati ya lesi kwa mbao ya mlinde karibu mwaka 1690, nyepesi na yenye matundu kama lesi yenyewe. Mwandishi wa Kiingereza Horace Walpole aliimiliki, na mwaka 1769 aliivaa kuwapokea wageni kutoka nje nyumbani kwake Strawberry Hill. Aliandika kwamba watumishi wa Kifaransa walikodoa macho, wakaamini kabisa kwamba hivyo ndivyo wanavyovaa waungwana wa mashamba wa Kiingereza. Leo imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.)

Sasa tufike kwa mtu anayebeba hoja yangu. George Brummell, aliyezaliwa mwaka 1778, hakuwa kabaila; babu yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19 mlimbwende huyu ndiye aliyeiamulia London namna mwanamume anavyopaswa kuvaa. Aliipiga teke lesi, akakataa rangi za kung'aa na manukato. Shingoni aliweka melimeli nyeupe isiyo na pambo lolote, iliyotiwa kanji kidogo tu. Kwa mtazamo wa juu juu hayo ni mapinduzi, kwa sababu mtu yeyote angeweza kununua kipande cha melimeli nyeupe. Tazama basi kilichohitajika ili kipande hicho kikae sawasawa. Kravati ilizungushwa shingoni kwenye kola ndefu iliyofika mashavuni, kisha mvaaji akakishusha kidevu taratibu mpaka mikunjo ijipange. Ikikosea mara moja hairekebishiki, inatupwa na kuchukuliwa nyingine mpya. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alikutana na mtumishi wa Brummell kwenye ngazi, mikononi amebeba rundo la kravati zilizokunjamana, naye akaeleza kwamba hizo ndizo zilizoshindikana. Brummell alisisitiza kitani kizuri, kiwe kingi, na kifuliwe shamba, mbali na masizi ya mji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gharama iliyokuwa ikionekana kwenye lesi ilihamia kwa dobi, kwa mtumishi, na kwenye asubuhi nzima isiyo na kazi ya kumsubiri bwana.

Yaani zamani fukara alimwona tajiri kwa mbali, akahesabu lesi na kujua tofauti yao ni fedha. Baada ya Brummell alimwona mtu aliyevaa kitambaa kama chake, nyeupe kwa nyeupe, na bado akaambiwa kwamba chake kimefungwa vibaya. Mwaka 1818 kilichapishwa London kijitabu cha dhihaka kikionyesha mafundo 14 ya kravati, na mwaka 1828 kikafuata kitabu kilichofundisha mitindo 32 katika masomo 16. Vitabu vya namna hiyo huwa na wanunuzi pale ambapo watu wengi wanaogopa kuchekwa na hawajui ni kwa kosa gani. Brummell mwenyewe, kwa kumbukumbu, alikimbilia Calais mwaka 1816 kwa sababu ya madeni na akafia Caen mwaka 1840 katika hifadhi ya wagonjwa wa akili. Usahili wake ulikuwa ghali kuliko lesi.

Ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, kravati ilikuwa na kisa kingine ambacho wanasiasa wa leo hukisahau. Mwaka 2017 mwanasiasa wa mrengo wa kushoto Jean-Luc Mélenchon na wenzake waliingia Bunge la Ufaransa bila tai, akajigamba kwamba enzi za Mapinduzi walikuwapo wasiovaa suruali fupi za makabaila, na sasa watakuwapo wasiovaa kravati. Maneno matamu, lakini historia haimuungi mkono. Mikutano Mikuu ya Matabaka, yaani baraza la wawakilishi wa makasisi, makabaila na wananchi wa kawaida, ilipokaribia kufunguliwa Mei 1789, mkuu wa itifaki wa mfalme aliagiza mavazi: makabaila wavae nakshi za dhahabu, kofia za manyoya na kravati ya lesi, na wawakilishi wa wananchi wa kawaida wavae nguo nyeusi na kravati ya melimeli. Vazi hilo la pili lilikusudiwa kuwadogosha. Wao wakaligeuza sare ya heshima, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lao likafuta tofauti zote za mavazi kati ya wajumbe. Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi, aliendelea kuvaa kravati nadhifu na nywele za poda hadi alipokamatwa. Waliojifunga vitambaa vinene vilivyomeza kidevu kizima walikuwa vijana wa watu wenye nazo waliotamba baada ya yeye kuuawa. Anayetafuta mrengo wa kisiasa kwenye shingo iliyofungwa au iliyo wazi atazunguka bila kufika.

Kilichofanywa na tai, ilipozaliwa na kravati na kuachiwa nafasi, kinastahili sifa ambayo siku hizi haitolewi. Wanaume wa karne ya 19 waliohamia viwandani na maofisini hawakuwa na asubuhi ya kuchezea melimeli. Walihitaji fundo moja linalofungwa kwa sekunde chache na kukaa kutwa nzima. Katika miaka ya 1920 Jesse Langsdorf wa New York alipata hataza ya kuikata tai kwa mshazari na kuiunganisha kutoka vipande vitatu, ndiyo maana tai hurudi kwenye umbo lake ukiifungua. Ni kweli watu wa juu walijaribu kuweka uzio humo pia, kwa tai za vilabu na za shule zenye mistari maalumu. Wapiga makasia wa Chuo cha Exeter, Oxford, walianza mwaka 1880 kwa kufunga shingoni riboni za kofia zao. Hata hivyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 tai ilikuwa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote cha kumfanya mtoto wa kibarua asimame mbele ya meneja bila kusomwa ukoo wake kwanza. Alihitaji fundo moja, na mtu yeyote angeweza kumfundisha kwa dakika tano.

Wapinga tai wana hoja nzito, na sitazipunguza uzito. Ya joto ni mojawapo. Mwaka 2005 serikali ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz, ikaweka viyoyozi vya ofisi kwenye nyuzi 28 na kuwaambia watumishi waache tai na koti wakati wa kiangazi. Julai 2022 Waziri Mkuu Pedro Sánchez wa Uhispania alitokea bila tai akisema ni njia ya kubana umeme. Hapo sina la kubisha. Ya hospitali ni nzito pia. Utafiti wa mwaka 2004 katika hospitali moja ya Queens, New York, ulipima tai 42 za wahudumu wa afya na kukuta vijidudu vya maradhi kwenye 20, ilhali kati ya tai 10 za walinzi ilikuwa moja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, hapo bila mafumbo. Uingereza ikawaondolea madaktari wake tai kuanzia 2008. Lakini hoja ya afya ikitolewa nje ya wodi hudhoofika haraka. Utafiti wa Kiel, Ujerumani, wa mwaka 2018, unaotajwa sana kwamba tai hupunguza damu ubongoni kwa asilimia 7.5, uliwapima wanaume 15 waliofunga tai na 15 wasiofunga, na fundo lilikazwa mpaka likaanza kusumbua. Dawa ya hilo ni kulegeza fundo.

Hoja nzito kuliko zote ni ya ukoloni. Februari 2021 mbunge wa Kimaori, watu wa asili wa New Zealand, Rawiri Waititi, alitolewa nje ya Bunge la nchi hiyo kwa kukosa tai, ambayo yeye aliiita kitanzi cha kikoloni. Siku iliyofuata sharti likafutwa. Alikuwa na haki, ila angalia alichokidai. Shingoni alivaa hei tiki, pambo la heshima la watu wake, akisisitiza kwamba hilo kwake ni vazi rasmi. Alitaka urasmi wa Kimaori utambuliwe, na hilo halifanani na mfanyabiashara anayefungua vifungo viwili vya shati akajiita huru. Mobutu alitufunza upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1972 Zaire ilipokuwa kwenye wimbi la uhalisi, suti na tai ziliachwa na abakosti ikashika nafasi. Picha zake ni nyingi: koti lisilo na tai, na mara nyingi ndani ya kola skafu ya hariri iliyokunjwa kwa ustadi. Alimvua raia tai, yaani mtoto, akabaki yeye na kravati, mzazi wake. Vijana wa Kinshasa waliojipamba kwa suti na tai za Ulaya, wale wa Sape waliomfuata Papa Wemba, walikuwa wanamkaidi dikteta kwa kitambaa hichohicho kilichoitwa cha mkoloni. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliruhusu tai irudi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hawatamwona akiivaa.

Iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba tai haina kazi na kwa hiyo iondoke. Kwa kipimo hicho ondoa pia ukosi wa koti, vifungo vya mkono wa koti visivyofungua chochote, na pete ya ndoa. Vazi hufanya kazi ya kusema, na swali ni nani anayeelewa lugha yake. Wateteaji wa tai nao hawajambo kwa udhaifu. Wanaidai kuwa ni nidhamu na desturi ya tangu na tangu, kana kwamba haikuanza ikiwa vazi la kulegeza kravati, na kravati ikiwa ya kulegeza kola. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipozipiga marufuku suti za Kaunda na kusisitiza koti, kola na tai, utetezi ulikuwa huo wa hadhi. Wanayo hoja moja nzuri na hawaitumii: sharti lililoandikwa linasomeka na kila mtu. Mbunge wa Kenya anajua hasa anachotakiwa kuvaa, na anajua hasa anachokipinga.

Waraka wa Goldman Sachs wa mwaka 2019 haukuwa na orodha. Uliwaambia wafanyakazi kwamba wanaaminiwa kutumia busara, na kwamba wote wanajua kipi kinafaa kazini na kipi hakifai. Wote ni akina nani? Anajua aliyekulia kwenye nyumba ambayo baba alikuwa na kazi kama hiyo. Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili ambalo tangazo lake lilisema wazi mavazi ni ya kawaida. Kijana mmoja alikuja na suti na tai, akajibu vizuri kuliko wenzake, na alipotoka neno la kwanza la mezani lilikuwa kicheko kuhusu mavazi yake. Mwingine alikuja na fulana tupu, akaonekana hajali. Aliyepita alivaa viatu vya raba ambavyo, nilikuja kuambiwa, vilizidi bei ya suti ya yule wa kwanza. Kravati ya melimeli ilifanya kazi ileile: haina pambo, na siri yake haiko dukani.

Kwa hiyo taasisi inayofuta tai ina deni la kuandika kinachoshika nafasi yake. Mwongozo wa Bunge la Uingereza wa mwaka 2021 unasema koti ni lazima, na wanaume wanahimizwa kuvaa tai. Kuhimizwa ni neno la hatari. Mwenye ukoo mkubwa atalichukulia kama hiari, na mbunge mpya aliyetoka karakana atalichukulia kama amri, kisha wote wawili watapimwa kwa walivyochagua. Wanaorudisha kravati kwenye harusi na kwenye mazulia mekundu nawatakia heri, maana ni vazi zuri na hariri iliyofungwa vizuri inapendeza kuliko tai yoyote. Wasituambie tu kwamba wameachana na masharti. Wamechukua lenye masharti mengi zaidi.

Na anayetaka kupima kama ngazi zimebomoka kweli, asianze na shingo ya mkurugenzi. Makabaila wa Ulaya walipoacha poda ya nywele na suruali fupi, waliwaachia watumishi wao wa mezani, na hao walizivaa kwa zaidi ya miaka 100 baadaye kama sare. Leo mkurugenzi anaingia hotelini kola ikiwa wazi, anafunguliwa mlango na mlinzi mwenye tai, anaandikishwa na mpokezi mwenye tai, anahudumiwa na mhudumu mwenye tai. Mkataba wa kazi wa hao watatu haujataja busara popote. Unataja rangi ya tai.